Kisima kina chumvi kidogo: tuweke boila moja au hita kila choo?

"Asalaam alaikum fundi. Tunajenga Bwejuu, nyumba ya chini tu, vyumba vinne, vyoo vitatu na jiko. Mama anahamia kwetu, ana miaka 74 na baridi yabisi, hawezi tena kuoga maji ya baridi alfajiri. Kaka yangu anaishi Uingereza, anasema tununue boila moja kubwa ipashe maji ya nyumba nzima kama kwake. Fundi wetu wa umeme anasema boila inakula umeme, bora tuweke zile hita za shawa, moja kila choo, tumalize. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo, yanapanda kwa pampu hadi tangi la juu ya paa. Umeme nao jioni hushuka mpaka feni inazunguka kwa uvivu. Plasta inaanza wiki ijayo. Tufuate la nani?"

Wa alaikum salaam, dada yangu. Nakushukuru kwa kuuliza kabla ya plasta. Wengi huniita rangi ikishakauka, na hapo kila jibu langu linakuja na tindo na nyundo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kaka yako anakutakia kheri na fundi wako pia, na kila mmoja amesema jambo lenye ukweli wake. Lakini umeandika maneno matatu kwa kupita tu, "yana chumvi kidogo", na hayo ndiyo yatakayokata shauri. Nitayafikia. Nianze na boila.

Boila ya kaka yako imezaliwa na baridi. Nyumba za Uingereza zina vyuma vya ukutani ambamo maji moto huzunguka ili vyumba vipate joto, na boila ndiyo inayoyapasha, mara nyingi kwa gesi inayoletwa na bomba la mtaani. Kwa kuwa mashine ipo tayari kwa ajili ya vyumba, kuitwisha na maji ya kuoga ni nyongeza ndogo. Ndiyo maana huko watu hubishana: maji ya kuoga yapitie boila ileile, au yawe na tangi lao lenye hita yake? Kwao ni swali la maana. Maji ya bomba la London katikati ya baridi huja na nyuzi 5 hadi 10 hivi, kwa hiyo kuyafikisha 40 huku yakitiririka kunataka nguvu ya kilowati 24, hata 30.

Wewe Bwejuu huna chumba cha kupasha, wala gesi ya bomba haipo kisiwani. Maji ya tangi lako alfajiri ya kipupwe huwa na nyuzi 25 hivi, na mchana wa kaskazi ukifungua bomba la tangi jeusi unaweza kuruka. Sababu iliyomfanya kaka yako awe na boila kwako haipo. Kisha ukiweka mashine moja kwa vyoo vitatu na jiko, maji lazima yasafiri. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 linabeba lita 2 hadi 3. Kila anayefungua shawa ya mbali atamwaga hizo kwanza ndipo maji moto yamfikie, na akifunga, yaliyobaki njiani yanapoa bure. Wazee wetu waliopasha maji kwa tanuri walifanya hivyo mahali pamoja: hamamu ya Kidichi, ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, ilikuwa na tanuri palepale chini ya sakafu. Moto ulikaa karibu na mwogaji.

Sasa fundi wako na hili la boila kula umeme. Hapa kwetu tukisema boila mara nyingi tunamaanisha lile tangi jeupe la ukutani la lita 30, 50 au 80 lenye hita ndani, na yeye nadhani anazungumzia hilo. Tupige hesabu, maana ni fupi. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunataka kilojuli 4.2, na yuniti moja unayonunua kwenye TUKUZA, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ni kilojuli 3,600. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 40 ni kilojuli 1,260, yaani theluthi ya yuniti na kidogo juu yake. Mashine iwe ya bei ghali au rahisi, kubwa au ndogo, maji hayatakubali kupata moto kwa chini ya hapo.

Hita ya shawa ya kilowati 5.5 inakula kwa kasi, lakini kwa muda mfupi: dakika tano za kuoga ni kasoro kidogo ya nusu yuniti. Tangi la lita 50 lenye hita ya kilowati 1.5 linakula taratibu, saa moja na dakika ishirini kufika nyuzi 60, na litatumia yuniti 2. Lakini maji ya nyuzi 60 hakuna anayeyaoga. Ukiyachanganya na ya baridi unapata lita 100 na zaidi za nyuzi 40, ndoo tano, watu watano. Gawa: si mbali na ile nusu yuniti ya kila mtu. Tofauti ya kweli iko kwenye joto linalovuja tangi likikaa bure, na kwa tangi lenye ngozi nzuri ya kuzuia joto ni kama yuniti moja kwa siku likiachwa linawaka mchana na usiku. Ukiliwasha saa moja na nusu kabla ya kulala kisha ukazima, mama ataamkia maji moto alfajiri. Wapo wanaosema kuzima na kuwasha kunakula zaidi kuliko kuacha. Si kweli. Kinachopotea kinapotea kwa sababu maji ni ya moto, na yakipoa kidogo yanapoteza kidogo.

Kwa umeme peke yake, basi, mizani iko karibu sawa. Sasa tuje kwenye chumvi.

Zile hita za shawa zinazouzwa kwa wingi, zenye kichwa cha plastiki, nyingi ndani yake zina waya wa kupasha uliokaa uchi katika maji. Umeme unapita kwenye waya na maji yanaugusa moja kwa moja. Waliozitengeneza hawakukosea, walitegemea mambo mawili. La kwanza, maji matamu hayapitishi umeme kwa urahisi, kwa hiyo kinachovuja kufuata maji ni kidogo sana. La pili, hicho kidogo kinadakwa na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kabla hakijamfikia mtu. Maji ya chumvi yanaondoa tegemeo la kwanza. Kadiri chumvi inavyozidi, maji yenyewe yanageuka kuwa waya. Na usihesabu "kidogo" kwa ulimi: ulimi wa kawaida huanza kuihisi chumvi kwenye maji ikifika miligramu 200 hadi 300 za kloridi kwa lita. Wewe ukionja na kusema "yana chumvi kidogo", imeshapita hapo.

Tegemeo la pili ni ethi, na hapa ardhi yenu ina neno lake. Pwani yote hiyo ni mawe ya matumbawe. Fimbo ya ethi inataka kuzama kwenye udongo wenye unyevu, nayo maweni inagonga jiwe baada ya futi moja. Nimeona fimbo zilizokatwa kwa msumeno kipande kikafukiwa kijuujuu, na nimeona waya wa ethi uliofungwa kwa ustadi kwenye swichi huku mwisho wake wa pili haujafika popote. Nyumba ya namna hiyo inawaka taa na kila kitu kinaonekana salama, mpaka siku umeme ulipovuja ukakosa njia. Hapo njia inakuwa maji ya shawa na mtu aliyesimama miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa.

Niliwahi kuitwa nyumba moja huko kusini kwa malalamiko kwamba shawa "inauma". Watoto walikuwa wakiifunga kwa taulo ili wasiguse koki, na wenyewe wamezoea, miezi imepita. Niliizima palepale nikawaambia wasiiguse tena. Kisima kilikuwa cha chumvi, ethi hakuna, na breka ya kuvuja, ile mafundi wanayoiita RCD, ilikuwepo lakini ilikuwa ikikatika kila mara, basi fundi wa kwanza akairuka kwa waya. Breka ile ilikuwa ikisema kweli. Hili naliandika kwa uzito wote: mtu akihisi mwasho wa umeme kwenye koki au kwenye maji, hata mara moja, hata ikiwa ni wepesi kama mchwa anayetembea, zima meni swichi, na asioge mtu hapo mpaka fundi apime kwa chombo.

Kwa hiyo hita za shawa za waya uchi, kwa kisima chako, sikushauri hata moja. Zipo ambazo waya wake umefunikwa ndani ya bomba la shaba. Hizo ni salama zaidi, lakini utakutana nazo kwenye tatizo la umeme wa jioni. Nguvu ya hita haishuki sawa na volti, inashuka zaidi. Umeme ukiteremka kutoka volti 230 hadi 190, hita ya kilowati 5.5 inabaki na kama 3.7 tu. Maji yanayopita lita 5 kwa dakika, badala ya kupanda nyuzi 15, yatapanda 10 au 11. Mama atapata maji ya nyuzi 36, yaani uvuguvugu usiomridhisha. Atapunguza koki ili yapate moto, na hita hizi zikikosa msukumo hujizima zenyewe, atashtukia baridi mgongoni. Na tangi lako likiwa mita moja tu juu ya shawa, huo msukumo ni sehemu ya kumi ya baa, pengine hata hautoshi kuiwasha. Watu watatu wakioga pamoja, hita tatu zitataka ampea 70 na zaidi. Mwombe fundi wako akuonyeshe ni waya gani wa kuingilia nyumba yako utakaobeba hizo.

Tangi halisumbuliwi na haya. Volti zikishuka linachelewa tu. Umeme ukikatika, yaliyomo yanabaki moto kwa saa nyingi. Sisi tuliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima bila umeme wa waya wa baharini, tunajua hakuna tangi litakalosubiri hivyo. Lakini kwa mikatiko ya kawaida ya saa mbili tatu, alfajiri ya mama haitaharibika.

Shauri langu ni hili. Weka tangi moja la lita 50, kwenye choo cha mama, karibu na shawa yake. Kama choo cha pili kimegawana ukuta na chake, litahudumia vyote viwili kwa bomba la mita mbili. Choo cha wageni kiwekewe bomba na waya ndani ya ukuta sasa, mashine ije siku nyingine mkihitaji. Jikoni birika linatosha, usipeleke maji moto huko.

Chumvi italigusa na tangi pia, kwa njia nyingine. Dukani watakusifia tangi la stenlesi kuwa halishiki kutu. Kwenye maji matamu ni kweli. Kwenye maji moto yenye kloridi, stenlesi ya kawaida hutobolewa vitundu vidogo, hasa pale ilipounganishwa kwa moto. Chukua la chuma lililopakwa enameli ndani, na uulize kama lina fimbo ya magniziamu. Fimbo hiyo imewekwa iliwe yenyewe ili tangi lisiliwe. Kwenye maji yako italiwa upesi, kwa hiyo fundi aifungue kila mwaka aitazame, na ikibaki kama uzi aibadilishe. Siku hiyohiyo atoe ukoko. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya chokaa, na chokaa hiyo hugandia hita kama wali chini ya sufuria, zaidi kadiri joto linavyopanda. Hita yenye ukoko mnene hupitiliza moto na kupasuka.

Ila kuna njia bora kuliko kubadilisha fimbo. Hita ya mama inataka lita 50 hivi kwa siku, si zaidi. Kama bomba la ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, linafika kwenu hata kwa siku mbili kwa wiki, au paa lenu linaweza kuvuna mvua ya masika na vuli, weka tangi dogo la pili la maji matamu, la kulisha hita peke yake. Kisima kiendelee na mengine yote. Liwe kimo kimoja na lile la chumvi ili msukumo ulingane, na kila upande uwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi, isijekuwa kisima kikaingia kwenye matamu. Gharama yake ni ndogo mbele ya hita mbili tatu zitakazokufa kabla ya wakati.

Utauliza jua. Napenda jua, na kwa nyumba yenye watu wengi au wageni wa kulala ningelitanguliza. Kwako nalitazama kwa hadhari. Ile mirija ya kioo inayopitisha maji yenyewe ndani yake itashikwa na ukoko kwa kisima chako, na miguu yake ya chuma itakutana na upepo wa kusi unaotoka baharini moja kwa moja. Ukiamua, chukua aina ambayo maji ya kuoga hayapiti kwenye paneli, yanapashwa kwa mzunguko wake wa ndani, na paneli ielekee kaskazini. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, na miezi ya Juni hadi Agosti ambayo mama atayataka maji moto zaidi, jua liko upande huo. Mwanzoni si lazima. Mwambie fundi aache nafasi ya mabomba mawili kwenda juu, basi.

Hita ya gesi ya mtungi nitaisemea neno moja: isifungwe chooni wala ndani ya chumba chochote kisicho wazi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa ameketi.

Kwa sababu plasta ni wiki ijayo, haya ndiyo ya kufanya sasa. Bomba la maji moto liwe la PPR la kuunganishwa kwa moto. PVC nyeupe hulainika kwenye nyuzi 60 na itavuja ndani ya ukuta. Waya wa hita uwe wake peke yake kutoka kwenye breka, usichukuliwe soketini. Milimita 2.5 zinatosha kwa tangi la kilowati 1.5, lakini kama choo cha wageni huenda kikaja kuwekewa hita kubwa, pitisha milimita 4 au 6 kabisa. Swichi yake iwe nje ya choo. Breka ya kuvuja ya miliampea 30 ni lazima. Ukuta wa kubeba tangi uwe wa matofali yaliyojaa, maana lita 50 ni kilo 50 kabla hujahesabu chuma chenyewe.

Tangi lazima liwe na valvu ya usalama kwenye mlango wa maji ya baridi. Maji yakitoka nyuzi 25 hadi 60 yanatanuka, na kwa lita 50 ni karibu robo tatu ya lita inayotafuta pa kwenda. Valvu ikidondosha matone wakati tangi linapasha, inafanya kazi yake. Usikubali mtu aizibe kwa sababu inalowesha sakafu, mwekee mpira mdogo upeleke matone kwenye shimo la maji.

Joto liwekwe 60, si 45 kama wengine wanavyofanya kwa kubana yuniti. Kati ya nyuzi 20 na 45 ndipo bakteria wa lejonela wanapostawi, na wanaowaumiza zaidi ni wazee. Lakini nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mtu wa miaka 74 haina subira hiyo. Kwa hiyo pale maji yanapotoka kwenye tangi kwenda shawani, weka valvu ya kuchanganya, iliyofungwa kwenye nyuzi 40 hadi 42. Hii usiipunguze kwenye bajeti, punguza marumaru.

Fundi wako sina shaka naye, lakini kuna kazi moja ambayo haifanywi kwa macho. Kabla ya plasta aje fundi mwenye leseni na kipimo cha ethi, apime mbele yako. Ikiwa chini ya omu 10, vizuri sana. Ikipita 100, msiendelee: fimbo nyingine ziongezwe na kuungwa pamoja, au uchimbwe mtaro mrefu ulazwe waya mtupu wa shaba, hasa upande ule maji ya jikoni yanakomwagikia, ambako ardhi haikauki. Namba atakayoisoma iandike ukutani kwa penseli karibu na meni swichi, pamoja na tarehe, kisha niandikie na mimi, pamoja na picha ya ukuta wa choo cha mama kabla haujafunikwa.